Mlinzi Ndani ya Kibuyu

"Umechanganya sampuli," nilimwambia Mhoja. "Kubali tu, yaishe."

"Sijachanganya, Mama Hango."

"Basi kinyesi kimejichanganya chenyewe."

Siku nyingine angenijibu, maana mimi na fundi wangu wa maabara tulikuwa hatumalizi siku bila kutaniana. Asubuhi ile hakucheka. Alinigeuzia kioo cha mashine ya kusoma vinasaba, nikaona mistari ya kijani imejaa toka juu mpaka chini. Watoto ishirini na sita wa kijiji cha Mpipiti, na kila mmoja alikuwa na Mlinzi tumboni.

Niseme wazi kwa nini moyo ulinilipuka. Mpipiti hatukuwapa Mlinzi. Tuliwapa watoto wa Itundwi, ng'ambo ya korongo. Wa Mpipiti walipewa matone ya maji na sukari, chupa ileile, rangi ileile, ili mwisho wa mwaka tulinganishe wangapi wameugua kipindupindu huku na wangapi kule. Ndivyo utafiti unavyokwenda, na mimi nimeufanya kwa miaka thelathini. Akina mama hawakujua nani kapewa nini. Mimi na Mhoja tulijua, na kila nikipita Mpipiti nilikuwa naangalia chini.

Mlinzi alikuwa bakteria wa kutengenezwa. Kazi yake ilikuwa kukaa utumboni na kutoa kingamwili ndogo za kuikamata sumu ya kipindupindu kabla haijamdhuru mtoto. Kipindupindu cha miaka hii si kile walichosimulia bibi zetu. Dawa zote kimezizoea, na mvua nazo zimepoteza adabu, zinakuja pale zinapotaka. Waliomtengeneza Mlinzi walikuwa waangalifu. Walimnyima uwezo wa kujitengenezea kirutubisho kimoja, kwa hiyo kila wiki ilibidi mtoto ale uji wetu wenye kirutubisho hicho. Asipokula, Mlinzi anakufa ndani ya siku saba. Nilisimama mimi mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji nikasema, "Huyu hawezi kutoroka," nikapigiwa makofi.

Sasa alikuwa ametoroka, tena hakwenda mwendo wa kujificha.

*

Ilinichukua siku mbili kufuata nyayo zake, zikanifikisha nyumbani kwa Winfrida Mghenyi, pale Itundwi mwisho, karibu na korongo. Winfrida alikuwa wa kwanza kusaini fomu yetu ya ridhaa. Kipindupindu cha mvua za mwaka uliopita kilimchukulia watoto wawili ndani ya wiki moja. Akabaki na Tumsifu tu, wa miaka mitatu, ambaye siku hiyo alikuwa anamkimbiza kuku uani na kumtukana kwa lugha aliyoitunga mwenyewe.

"Dada, usinigombeze," Winfrida alisema kabla sijakaa. "Siku ya matone Tumsifu alitema. Yakabaki nusu kwenye chupa. Nikasema dawa ya namna hii haimwagwi, nikayatia kwenye kibuyu, atakunywa na maziwa."

"Kibuyu gani?"

"Si hiki."

Kilikuwa kimetundikwa ukutani, cheusi kwa moshi, mdomo umefunikwa kwa kifuniko cha ukindu. Hee! Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Kwetu kibuyu cha maziwa ya mgando hakiishi. Unakunywa, unabakiza kidogo chini, unaongeza maziwa mapya, na ile chachu iliyobaki inayagandisha. Kikiharibika, unakwenda kwa jirani asubuhi na kibuyu chako kitupu. Anakupa funda moja kutoka kwenye chake, yeye anakunywa la pili, kisha anakumiminia chachu. Husemi ahsante, na yeye hawezi kukunyima hata kama mnashitakiana. Binti akiolewa anaondoka na chachu ya mama yake. Mzazi akijifungua, vibuyu vinamfuata kitandani.

Na ndani ya vibuyu hivyo wamo bakteria wengine, wenyeji wa miaka mamia, ambao kirutubisho kile alichonyimwa Mlinzi wanakitengeneza bila shida. Walimpokea mgeni wakamlisha. Waliomtengeneza walikaa kwenye maabara ya mbali, hawajawahi kuona kibuyu. Lakini mimi ni Mnyaturu wa kuzaliwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyonikuza. Mimi nilipaswa kujua, na sikuwaza hata mara moja.

"Winfrida, tangu siku ile umempa nani chachu?"

Alinitazama kama nimemuuliza amesalimia watu wangapi. "Nani sijampa?"

*

Nakiri kosa langu: nilifurahi. Utafiti ulikuwa umekufa, maana huwezi kulinganisha vijiji viwili ambavyo sasa ni kimoja. Lakini wilaya ya jirani kipindupindu kilikuwa kimeshaingia, wagonjwa wanalazwa chini ya miti, na sisi katika vijiji vinne vilivyokuwa vikipeana chachu hakukuwa na mtoto hata mmoja mwenye kuhara. Watoto mia tisa. Wala hatukuwapa sisi, walipeana wenyewe. Nilimwambia Mhoja tusubiri wiki moja kabla ya kuandika ripoti.

"Kuna watu hawakuulizwa, Mama Hango," alisema. "Wanakunywa tu."

"Na wako hai tu."

Akarudi kwenye mashine yake. Siku ya tano kituo cha afya kilinipigia simu.

Mgonjwa alikuwa Mwalimu Sefroza Mnyambi, shangazi yake Winfrida. Ndiye aliyemlea Winfrida mama yake alipofariki, na ndiye aliyefundisha darasa la kwanza Itundwi kwa miaka ishirini na minane, kwa hiyo nusu ya kijiji walijifunza kuandika majina yao kwa fimbo yake. Miaka minne nyuma alipandikizwa figo la nguruwe lililorekebishwa, mambo ya kawaida siku hizi, ingawa kijiji hakikumwacha salama kwa matani. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba akipita karibu na zizi la nguruwe anasikia wanamwita shemeji. Ili mwili wake usilikatae figo, alikunywa kila siku dawa za kushusha kinga. Na kwa mtu aliyeshushwa kinga, Mlinzi hakuishia utumboni. Alipenya akaingia kwenye damu.

Niliotesha damu yake maabara mara mbili. Mara zote mbili aliyeota alikuwa Mlinzi.

"Maziwa alikunywa wapi?" nilimuuliza Winfrida kwenye korido ya kituo.

"Kwangu. Jumapili, baada ya ibada." Alikuwa ameshika khanga kwa mikono miwili. "Shangazi yangu anakuja nyumbani, nisimpe maziwa?"

Antibiotiki hazikufaa kitu. Watoto wa huku hupewa antibiotiki kama karanga, kwa hiyo Mlinzi alitengenezwa azistahimili zote, la sivyo angekufa kila mtoto akikohoa. Kilichobaki ni kimoja, nacho kilikuwa kwenye friji ya ofisi yangu: Mfuto. Huyo ni kirusi asiyemgusa binadamu. Anakula Mlinzi tu, na alitengenezwa amfuate popote atakapokwenda. Ukimnywesha mtu mmoja, atatoka kwenye kinyesi chake, ataingia kwenye maji, kwenye mikono, kwenye inzi, kwenye vibuyu, mpaka asibaki Mlinzi hata mmoja. Ndiyo ilikuwa maana yake. Tulimweka kwa siku ambayo Mlinzi angeleta madhara. Hakuna aliyefikiri kwamba siku hiyo Mlinzi atakuwa anamuua mmoja huku anawakinga mia tisa.

"Hatuwezi kumtenga Mwalimu?" Mhoja aliuliza.

Tulipima kila njia. Choo cha kituo kiko juu ya bonde, na bonde ndilo wanalochota maji. Tukimtenga kwa bidii zote, na kila nyumba ikifunga kibuyu chake isimpe mtu wala kupokea, tungemchelewesha Mfuto wiki mbili, pengine vibuyu vichache vingevuka mvua. Vinginevyo Mlinzi angetoweka kabla ya mvua, na mvua ilitabiriwa wiki tatu mbele yetu.

Nilimpigia Dakta Orio, mkuu wetu, mjini.

"Yumo kwenye utafiti?" aliuliza.

"Hayumo. Hakusaini popote."

"Basi fomu zetu hazimhusu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. "Elitruda, mvua zipite kwanza. Miezi mitatu, halafu tumpe."

"Hana miezi mitatu. Ana siku tatu, nne."

"Kuna watoto mia tisa."

"Najua kuhesabu, Dakta."

"Ufunguo wa friji unao wewe," alisema. "Sikuagizi umpe, wala sikuagizi umnyime."

Nilimtukana tusi zito. Nilihakikisha kwanza simu imekatika.

Nilipotulia nikaona ubaya wa jambo lenyewe. Mtoto aliyesainiwa fomu akipata hata upele, tunamrukia kwa daktari, kwa dawa, kwa ripoti kurasa kumi. Mwanamke ambaye hakuomba kitu kwetu, aliyepewa kikombe cha maziwa na mtoto aliyemlea, huyo hatuna ukurasa wake. Tulimwingiza kwenye utafiti bila kumuuliza, kisha tukamwambia hayumo.

*

Nilimkuta Mwalimu Sefroza ameegemezwa mito miwili. Macho yalikuwa mekundu kwa homa, midomo imekauka, lakini kilemba alikuwa amekifunga vizuri.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Hango wa matone?"

"Ndimi."

"Kaa. Usiniambie kwa mafumbo, nimefundisha watoto wa miaka sita, mafumbo yote nayajua."

Nikamwambia. Kuhusu Mlinzi, kibuyu, damu yake, Mfuto. Nilitumia nusu saa na sikupamba kitu. Alisikiliza huku anakunjakunja ncha ya shuka.

"Kwa hiyo ni yale maziwa ya Winfrida."

"Ni kosa letu, si lake."

"Sikuuliza kosa la nani." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamshinda. "Nikinywa hiyo dawa, Tumsifu atakuwaje?"

"Atakuwa kama walivyokuwa ndugu zake mwaka jana. Anaweza kuugua, anaweza asiugue."

"Ndugu zake niliwaosha mimi. Winfrida hakuweza kusimama."

"Najua, Mwalimu."

"Na nisipokunywa?"

"Utatuacha wiki hii."

Hapo niseme kitu ambacho sijawahi kukisema mbele ya watu. Nilikwenda pale nikisubiri aseme, niacheni mimi, okoeni watoto. Mwalimu, mcha Mungu, hakuzaa, amelea wa wengine maisha yake yote. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno ya kumpa heshima. Nilijiambia nimekwenda kumuuliza, kumbe nilikwenda kuomba ruhusa ya kumwacha afe.

Alilia kwanza. Machozi yalikuja mengi, akayaacha yaende.

"Nataka kuishi," alisema. "Nilidhani nikiulizwa swali kama hili nitasema jingine. Nimewafundisha watoto nyimbo za kujitoa, nimeziimba kwa sauti kubwa. Lakini nina miaka hamsini na mitatu, Hango, na nataka kuishi. Nione aibu?"

"Hapana."

"Naona aibu."

"Hata mimi," nilimwambia, na sikumfafanulia.

Akageuzia uso ukutani. "Winfrida utamwambia wewe. Mimi siwezi."

*

Winfrida alikuwa nje, kwenye benchi la kusubiria, Tumsifu amelala mapajani kwake mdomo wazi. Nilikuwa nimeshika kisanduku cha baridi chenye kichupa cha Mfuto. Nilikaa karibu naye, nikamwambia yote, kutoka mwanzo, kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke. Nilimwambia pia kwamba shangazi yake ameulizwa na jibu lake ni lipi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alimtazama mwanawe, akampangusa mate mdomoni kwa kidole, akaendelea kumpangusa hata yalipokuwa yameisha.

"Umeshampa?" aliuliza.

"Bado."

"Ungeweza kumpa bila kuniambia."

"Ningeweza."

"Na ungeweza kunidanganya kwamba dawa imekosekana. Angekufa, nikamzika, na wewe nikakushukuru." "Kwa nini umeniambia? Mimi nifanye nini na maneno haya, dada? Niyaweke wapi?"

Nilibaki nimekumbatia kisanduku, baridi yake ikiniingia mkononi.

Muuguzi alipita na ndoo, akatusalimia, akaona nyuso zetu, akaenda zake. Winfrida alimwinua Tumsifu, akamlaza kwenye benchi na kumfunika khanga. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe nimnyweshe mimi."

"Winfrida, hulazimiki. Kazi hii ni yangu."

"Akinywa kwa mkono wako, wewe utaondoka. Utafiti wako ukiisha utapanda gari lako uende. Sisi tutabaki tunaangaliana. Mvua ikinyesha, mtoto wangu akiugua, yeye ataniogopa na mimi nitamchukia, na sina mama mwingine." Alijifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nipe."

Tuliingia pamoja. Mwalimu Sefroza alipomwona alijaribu kukaa, akashindwa. Alifungua kinywa, nadhani alitaka kuomba msamaha, Winfrida akamwahi.

"Shangazi, usiongee. Kunywa."

Alimtia mkono chini ya shingo, akamwinua kama anavyoinuliwa mzazi anayepewa uji. Mimi nikamimina Mfuto kwenye kikombe cha maji. Hauna rangi, hauna harufu, ni kama maji ya mtungini. Mwalimu alikunywa mafunda manne, baada ya kila moja akisita kumwangalia binti yake usoni, na kila mara Winfrida akamrudishia kikombe mdomoni. Kilipokwisha alimlaza, akamfungia vizuri kilemba kilichokuwa kimelegea.

Mwalimu alimshika mkono. Nilitamani kutoka na nilitamani kubaki, nikabaki kwa sababu sikujua mlango ninaufungaje bila kelele.

"Sasa nipe na mimi kazi," Winfrida aliniambia hatimaye. "Watu wafanye nini?"

Nikamweleza. Maji yachemshwe, yote, hata ya kusukutua. Klorini italetwa kesho, ya kutosha kila kaya. Dripu zianze kupangwa kituoni tangu sasa. Na vibuyu vifungwe. Asitoe mtu chachu, asipokee mtu chachu, asinywe mtu kwa mwenzake, mpaka mvua ziishe. Nyumba itakayoshika hilo huenda Mlinzi wao akadumu wiki kadhaa zaidi.

"Wanyimane chachu," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Utawaambia wewe?"

"Nitaitisha mkutano."

"Mkutano watakupigia makofi wende wakafanye yaleyale." Alisimama, akajifunga khanga kiunoni. "Mimi ndiye niliyetia dawa kwenye kibuyu. Nitapita nyumba kwa nyumba. Wewe njoo unisaidie pale nitakaposhindwa kueleza."

Tulianza saa nane mchana, jua kali, Tumsifu mgongoni kwa mama yake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mke wa fundi seremala. Winfrida alimweleza yote bila kuficha, hata lile la kumnywesha shangazi kwa mkono wake. Yule mama aliacha kupepeta mtama. Nilijiandaa kwa matusi. Akauliza, "Mwalimu anaendeleaje?" Winfrida akasema homa bado iko juu. Yule mama akasema tumsalimie sana, kisha akaketi juu ya ungo wake na mtama ukamwagika, akaanza kulia kwa ajili ya watoto wake wanne.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mwenye mapacha wa miezi tisa. Alikuwa barazani, mmoja kwenye ziwa na mwingine miguuni, kibuyu kimeegemea ukuta karibu naye. Alimsikiliza Winfrida mpaka mwisho. Alimbeba pacha huyu, akambeba na yule, akawaingiza ndani. Akarudi, akachukua kibuyu kwa mikono miwili, akaingia nacho, akafunga mlango. Tulisikia anasukuma komeo.

Winfrida alisimama akiukabili mlango ule. Ni rafiki yake wa tangu shule, waliolewa mwaka mmoja, wote walisomeshwa na Mwalimu Sefroza. Aliita jina lake mara moja, hakujibiwa.

"Tugonge?" nilimuuliza.

"Hapana, dada." Alimpandisha Tumsifu vizuri mgongoni. "Si ndicho tulichokuja kumwomba? Twende nyumba ya tatu."